Umefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, asubuhi unakula nini?

Haya jamani, wagonjwa wangu wakishavuka zile wiki za vimiminika na vyakula vya kusaga swali lao kubwa ni hili la asubuhi. Mchana wanajipangia wenyewe, usiku pia, ila asubuhi mtu kazoea tangu utotoni chai ya sukari na maandazi au chapati, sasa kaambiwa hiyo basi, anabaki anazunguka jikoni tu.

Mi ni mtaalamu wa lishe, hawa watu nakaa nao kabla hawajaingia theatre na baada ya kutoka. Siku hizi hata safari ya India sio lazima, hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, wanafanya. Ninachoandika hapa kinamhusu aliyeruhusiwa vyakula laini na kuendelea, wengi wanarudi kwenye chakula cha kawaida kama wiki ya 6 mpaka ya 8, ila ratiba ya daktari wako ndo ya kufuata.

Kwanza elewa nafasi uliyobaki nayo. Kuna upasuaji wanaotoa karibu asilimia 80 ya tumbo linabaki bomba jembamba, na kuna baipasi ambapo kinabaki kifuko cha kama mililita 30 kimeungwa moja kwa moja na utumbo mdogo, na mililita 30 ni vijiko viwili tu vya mezani. Halafu mwili unataka protini gramu 60 hadi 80 kwa siku. Sasa ukianza na chapati, nusu tu ushashiba, protini inaingilia wapi? Ndo mwanzo wa misuli kuisha, nywele nazo zinazidi kudondoka. Kwa hiyo protini kwanza, wanga ukibaki na nafasi.

Yai ndo rahisi, moja lina kama gramu 6. Ila lipikwe vizuri: livunje, tia kijiko cha maziwa, piga, weka kwenye kikaango kisichoshika na mafuta matone tu, moto mdogo, unakoroga taratibu na unalitoa likiwa bado lina unyevunyevu lakini limeiva. Lile la kukaanga mpaka kingo zinakuwa kahawia ni kavu, linakwama. Na wapo ambao miezi ya mwanzo harufu tu ya yai inawakera, usijilazimishe, kula mtindi usio na sukari (zile za ladha ya stroberi soma lebo kwanza, utashangaa), au samaki laini aliyechambuliwa miba, au maharage yaliyopondwa. Watu wa Pwani na mbaazi zenu nawajua, mbaazi ruksa, tui liwe jepesi, mwenzake andazi ndo abaki sahanini.

Uji wa lishe sasa. Hapa nagombanaga na akina mama wakwe kabisa, maana wanampikia mgonjwa kwa upendo bakuli zima na sukari juu. Uji mwingi ni unga tu, unateleza haraka bila kushibisha, na ukiwa na sukari, hasa kwa wa baipasi, ndani ya nusu saa mtu anatoka jasho, moyo unaenda mbio, tumbo linasokota, anaharisha, anadhani kalogwa kumbe ni uji. Ukiutaka sana upikwe kwa maziwa, bila sukari, kikombe kidogo, na yai litangulie.

Mkate mweupe ule laini unageuka donge ukishatafunwa, bora uchomwe ukauke. Tonge liwe dogo kabisa, tafuna mpaka liwe rojo, na ukihisi kifua kinabana au mate yanajaa mdomoni acha hapo hapo, wala usisukume na maji. Ukitapika mfululizo rudi hospitali, usisubiri kesho, vitamini B1 inaisha mwilini haraka na inaumiza mishipa ya fahamu.

Chai je? Kunywa, ila isikae meza moja na chakula. Kula kwanza, subiri nusu saa, ndo unywe chai yako ya tangawizi bila sukari. Supu nayo hivyo hivyo, nyama laini iliyochambuliwa kwanza, mchuzi baadaye. Vidonge vya madini chuma usimeze na chai wala maziwa, na vya kalsiamu vitenge navyo kwa masaa mawili hivi.

Na wewe mwenye kisukari unayechoma insulini, dozi ya zamani ilipangwa kwa chapati mbili na chai ya sukari. Ukila yai moja na kijiko cha mbaazi halafu ukachoma ile ile, sukari itashuka mpaka uanguke, kwa hiyo pima kila asubuhi na umwone daktari akupangie dozi upya.