Ukraine: Silaha, Mazungumzo na Vifungu Ambavyo Hatuvisomi

Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine kwa majeshi kamili tarehe 24 Februari 2022, ubishi umekuwa ule ule. Wapo wanaosema nchi zinazopeleka silaha zinamwagia moto petroli. Wapo wanaosema kumtaka aliyevamiwa akae meza moja na mvamizi ni kumtaka asalimu amri kwa adabu. Pande zote mbili hutaja "silaha" na "mazungumzo" kana kwamba ni vifurushi vilivyofungwa, na ni nadra mtu kuuliza ndani mna nini. Ni silaha gani, zimefika lini, nani amefundishwa kuzitumia? Wanazungumza juu ya kifungu kipi, na kikivunjwa nani atafanya nini? Mambo haya ndiyo yanayoamua nani ataishi na nani atakufa, na humo ndimo tutakamoingia.

Kisheria hakuna mengi ya kubishania. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, Ibara ya 2, unakataza nchi kuishambulia nyingine. Ibara ya 51 inampa aliyeshambuliwa haki ya kujihami, peke yake au akisaidiwa. Kwa hiyo kuipa Ukraine silaha ni halali, ila hakuna nchi inayolazimika kufanya hivyo. Baraza la Usalama lilikwama siku ya pili tu ya vita, kwa sababu Urusi ina kura ya turufu. Suala likapelekwa Baraza Kuu, na tarehe 2 Machi 2022 nchi 141 ziliitaka Urusi iondoe majeshi yake, 5 zikapinga, 35 zikajizuia. Ukanda wetu nao uligawanyika: Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliunga mkono azimio, Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia. Azimio hilo lina uzito wa kisiasa, lakini halina askari.

Ndani ya kifurushi cha silaha

Wengi hudhani msaada wa kijeshi ni fedha zinazotumwa Kyiv. Silaha za Marekani zilipitia hasa njia mbili: ama rais aliagiza vifaa vitolewe kwenye maghala ya jeshi lake, ama serikali iliingia mkataba na viwanda vitengeneze vipya. Njia ya kwanza inaweza kuchukua siku au wiki chache. Ya pili huchukua miezi, pengine miaka. Ukisoma kwamba mabilioni yameidhinishwa, uliza kwanza ni kwa njia ipi.

Wakati nao una uzito wake. Mitambo ya kurusha roketi aina ya HIMARS ilifika Juni 2022, michache tu, ikiwa na roketi zinazoongozwa kwa satelaiti na kufika kilomita zipatazo 80. Haikutumika kuwinda kifaru kimoja kimoja. Ilipiga maghala ya risasi pamoja na daraja la Antonivka kwenye mto Dnipro, lililokuwa njia kuu ya kuwafikishia mahitaji wanajeshi wa Urusi waliokuwa ng'ambo ya magharibi. Novemba mwaka huo Urusi iliondoka mjini Kherson, na mji ukaepuka mapigano ya mtaa kwa mtaa.

Mwaka uliofuata mambo yakaenda kombo. Uamuzi wa kutoa vifaru vya Leopard na Abrams ulifanywa Januari 2023 baada ya miezi ya kuvutana. Muda huo wote Urusi ilikuwa ikichimba mahandaki na kutega mabomu ya ardhini kusini, katika mkoa wa Zaporizhzhia. Mashambulizi ya Ukraine yalipoanza Juni, vifaru viliingia kwenye mashamba ya mabomu bila ndege za kuvikinga, na shabaha ya kufika Bahari ya Azov haikutimia. Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi mabomu ya mizinga milioni moja ndani ya miezi 12. Muda ulipokwisha yalikuwa yamefika karibu nusu. Bunge la Marekani nalo lilivutana kwa miezi kuhusu fungu la dola bilioni 61 hadi Aprili 2024, na kabla halijapita, mji wa Avdiivka, mashariki mwa Ukraine, ulikuwa umeshatekwa na Urusi mwezi Februari.

Hapa anayetetea silaha ana hoja ngumu ya kujibu. Msaada unaotolewa kidogo kidogo, kila kifaa kikija baada ya adui kukizoea kile cha jana, huweza kurefusha vita bila kugeuza matokeo. Anayepinga silaha naye ana yake. Mtambo wa Patriot hutungua makombora yanayoelekea kwenye vituo vya umeme na majengo ya raia. Kombora lake moja hugharimu takriban dola milioni 4, na mafunzo ya wanaoliendesha huchukua majuma kadhaa. Ni vigumu kueleza jinsi kuunyima mji mtambo kama huo kunavyoleta amani karibu zaidi.

Ndani ya mikataba

Ukraine haikuanza kutia saini mikataba juzi. Tarehe 5 Desemba 1994, mjini Budapest, ilikubali kuachana na silaha za nyuklia ilizorithi kutoka Umoja wa Kisovieti, na Urusi, Marekani na Uingereza zikaahidi kuheshimu mipaka yake. Karatasi hiyo haikumtaka yeyote kuja kupigana mipaka ikivukwa. Ikavukwa mwaka 2014, Urusi ikaichukua rasi ya Crimea.

Mkataba wa pili wa Minsk, wa 12 Februari 2015, uliokusudiwa kumaliza vita na waasi mashariki mwa Ukraine, ndio unaostahili kusomwa na kila anayesema "waache wazungumze". Una vipengele 13. Usitishaji mapigano ulipaswa kuanza usiku wa kuamkia tarehe 15. Siku tatu baadaye mji wa Debaltseve ukaangukia mikononi mwa waasi waliokuwa wakisaidiwa na Urusi. Mgogoro mkubwa zaidi ulikuwa katika kipengele cha 9. Kilisema Ukraine itaanza kurudishiwa udhibiti wa mpaka wake siku ya kwanza baada ya uchaguzi wa maeneo yaliyoshikwa na waasi, na kazi hiyo itakamilika baada ya suluhu kamili ya kisiasa, kwa sharti kwamba kipengele cha 11, kinachohusu mabadiliko ya katiba, kimetekelezwa. Kyiv ikasema uchaguzi wa haki hauwezekani wakati mpaka uko wazi na silaha zinaingia. Moscow ikasema uchaguzi kwanza, ndivyo mlivyotia saini. Tena Urusi ilijihesabu kuwa msuluhishi, si mhusika, kwa hiyo haikuona sharti lolote linaloihusu yenyewe. Waangalizi wa OSCE, yaani Shirika la Usalama na Ushirikiano barani Ulaya, raia wasio na silaha, waliandika ripoti za ukiukaji kila siku kwenye mstari wa kilomita zipatazo 420. Kuandika wangeweza, kuzuia hawakuwa na uwezo. Kufikia mwisho wa 2021 vita hiyo "iliyositishwa" ilikuwa imeua watu wapatao 14,000, wengi wao katika miaka miwili ya mwanzo.

Halafu kuna mazungumzo ya Istanbul ya Machi 2022, ambayo hutajwa sana na wanaoamini kwamba amani ilikuwa mezani ikapigwa teke. Ni kweli kulikuwa na rasimu, na Ukraine ilikubali kutokuwa upande wowote wa kijeshi iwapo ingepewa nchi za kuidhamini. Lakini Urusi ilitaka wadhamini wasichukue hatua bila kila mmoja wao kuafiki, Urusi yenyewe ikiwemo. Maana yake mvamizi awe na kauli ya mwisho kuhusu kumwokoa aliyevamiwa. Ukubwa wa jeshi la Ukraine nao haukuafikiwa. Kati ya vikao, miili ya raia ikakutwa mitaani Bucha, mji ulio karibu na Kyiv, baada ya majeshi ya Urusi kuondoka. Kusema kwamba ilibaki saini tu ni kutosoma rasimu.

Sisi wenyewe tunalo la kukumbuka. Majeshi ya Idi Amin yalipoiteka sehemu ya Kagera mwaka 1978, OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilituma wasuluhishi waliotaka mapigano yasimame bila kumtaja mchokozi. Mwalimu Nyerere alitaka kwanza uvamizi ulaaniwe, Uganda ikane madai yake ya ardhi na ilipe fidia. Wakati huo Libya ilikuwa ikimpelekea Amin askari na silaha. Nani anamsaidia mvamizi ni swali ambalo wanaohubiri amani kwa kukata silaha hulisahau mara nyingi. Bosnia ililijua hilo: vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa vya 1991 vilizihusu pande zote, lakini upande wa Waserbia ulikuwa umeshabaki na maghala ya jeshi la Yugoslavia.

Nafaka za Bahari Nyeusi

Kama kuna mfano wa kuchambuliwa darasani, ni huu. Tarehe 22 Julai 2022, mjini Istanbul, Ukraine na Urusi zilitia saini karatasi mbili tofauti, kila moja ikiandikiana na Uturuki na Umoja wa Mataifa, ili zisiandikiane zenyewe kwa zenyewe. Bandari tatu za Ukraine zilifunguliwa ili nafaka itoke, Odesa ikiwemo. Kila meli ilikaguliwa karibu na Istanbul, ikienda na ikirudi, na timu yenye watu wa pande zote nne, kuhakikisha haibebi silaha. Siku moja baada ya saini makombora ya Urusi yalipiga bandari ya Odesa. Mpango haukufa. Meli ya kwanza, Razoni, iliondoka tarehe 1 Agosti na mahindi tani zaidi ya 26,000. Mwezi huo huo nyingine ikabeba ngano ya Ethiopia kupitia Djibouti. Kwa mwaka mmoja zikapita tani karibu milioni 33.

Udhaifu wake ulikuwa kwenye ukaguzi: wakaguzi wa Urusi wakipunguza kasi, foleni ya meli inarefuka, na kila baada ya miezi michache mpango ulihitaji kuhuishwa. Urusi ililalamika kwamba ahadi ilizopewa kuhusu mbolea na benki yake ya kilimo hazikutekelezwa, na tarehe 17 Julai 2023 ikajitoa. Hapo wengi walitabiri njaa. Lakini Ukraine ilikuwa imeshaizamisha Moskva, manowari kuu ya Urusi katika bahari hiyo, na kwa makombora na boti zisizo na nahodha ikaendelea kuzisukuma nyingine mbali. Ikafungua njia yake kandokando ya pwani za Romania na Bulgaria, na meli zikaendelea kupita. Mazungumzo yalifungua mlango, silaha zikauzuia usifungwe. Anayetaka kuthibitisha kwamba moja linatosha bila jingine, mfano huu haumsaidii.

Mazungumzo madogo nayo yameendelea wakati wa vita hii. Mei 2025 pande mbili zilibadilishana wafungwa 1,000 kwa 1,000 baada ya kukutana Istanbul. Viongozi wa Afrika waliofika Kyiv na St Petersburg Juni 2023, wakiongozwa na Cyril Ramaphosa wa Afrika Kusini na Azali Assoumani wa Komoro, walirudi bila usitishaji mapigano, ingawa suala la wafungwa na watoto wa Ukraine waliohamishiwa Urusi lilikuwa kwenye orodha yao, na hilo ni eneo ambalo msuluhishi asiye na jeshi anaweza kufanikiwa.

Wanaotaka mfano wa usitishaji uliodumu hutaja Korea. Sawa, ila wautaje wote: mazungumzo yalianza Julai 1951 na saini ikaja tarehe 27 Julai 1953, mapigano yakiendelea muda wote huo, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mvutano juu ya wafungwa. Walichora mstari, wakarudi kilomita 2 kila upande, na miezi miwili baadaye Marekani ikasaini mkataba wa kuilinda Korea Kusini.

Rasimu yoyote mpya ya Ukraine itakapotolewa hadharani, anza na ramani, kisha umbali. Minsk iliweka silaha nzito nyuma kwa viwango: eneo la kilomita 50 kwa mizinga ya milimita 100 na zaidi, 70 kwa roketi za kawaida, 140 kwa kubwa zaidi. Droni ndogo inayobebwa begani haikuhesabiwa, na leo ndiyo inayoua wengi kwenye mstari unaozidi kilomita 1,000. Rasimu iseme droni zipi zimekatazwa na kwa umbali gani. Iseme pia kama za waangalizi zitaruhusiwa kuruka, kwa kuwa za OSCE zilivurugwa mawasiliano mara kwa mara na baadhi zikatunguliwa.