Ramani ya moto mjini Amu: maji, vichochoro na saa

Ramani nyingi za hatari ya moto mjini Lamu, au Amu kwa wenyeji, huishia kwenye karatasi yenye nyumba za makuti zilizopakwa rangi nyekundu. Karatasi hiyo haisemi uongo, ila usiku wa moto haina kazi. Aliyebeba pampu haulizi kipi chaweza kuungua. Moto anauona kwa macho yake. Anachouliza ni maji ya karibu yako wapi saa hii, ni kiasi gani, na kama kichochoro kilicho mbele yake kitampitisha na mzigo alioubeba. Gari la zimamoto halina pa kupita ndani ya mji, kwa hiyo kila lita ya maji yaja kwa mpira, kwa pampu ya mkononi au kwa ndoo. Ndiyo maana mimi huanza na njia na maji. Mapaa huja baadaye.

Kwanza mpaka. Eneo la Mji Mkongwe lililoandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001 lina karibu hekta 16, na wachoraji wengi hukata ramani yao hapo hapo. Hilo ni kosa. Makuti yaliyosongamana zaidi yako upande wa Langoni, kusini mwa mji, na sehemu kubwa iko nje ya mstari huo. Kusi ikivuma, cheche zinazotoka Langoni huelekea Mkomani, upande wa kaskazini, kwenye nyumba za mawe. Kaskazi ikiingia, mambo hugeuka. Chora mpaka wako kwa kufuata upepo na makuti yalipo, hata kama ofisi iliyokuagiza inataka urithi peke yake.

Chapisha kwa kipimo cha 1:1,000, yaani sentimita 1 ya karatasi ni mita 10 za ardhi. Karatasi ya A3 hubeba karibu mita 400 kwa 280. Acha kila karatasi iingiliane na jirani yake kwa mita 50, maana moto una tabia ya kuwaka pale pale karatasi mbili zinapokutana. Gawa ramani kwa miraba ya mita 50, uipe herufi na namba. Nyumba za Amu hujulikana kwa jina la mwenyewe au la marehemu babu yake, na mtu wa mtaa wa pili huenda asilijue. "C7, nyuma ya msikiti" huelewa kila mtu kwenye simu.

Michoro ya msingi ya majengo ipo kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na kuirekebisha juu ya picha ya satelaiti si kazi kubwa. Tahadhari iko kwenye ramani za zamani. Ramani za serikali za Kenya za 1:50,000 zimejengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali simu na picha za satelaiti hutumia msingi mwingine, WGS84. Ukizichanganya ndani ya QGIS, programu ya kuchora ramani, bila kuiambia programu ipi ni ipi, vitu vyako vitahama karibu mita 300. Mashambani utahisi mapema kwamba kuna jambo. Amu, ambako kila mtaa wafanana na wenziwe, visima vyaweza kuangukia mtaa wa mbali na mtu asishtuke. Kwa eneo hili chagua ndani ya programu namba EPSG:32737 (WGS84) kwa data mpya na EPSG:21037 (Arc 1960) kwa za zamani, kisha ujaribu kwa kona tatu unazozijua: kona ya Ngome, gati na msikiti mmoja wa kaskazini.

Ndani ya vichochoro usiiamini GPS ya simu. Kuta za ghorofa mbili na tatu pande zote mbili huirudisha ishara huku na huku, na nukta huruka mita 10 au 20, yaani hadi nyuma ya jengo. Pima kwa tepu na uandike juu ya karatasi. Ukihitaji nukta ya kweli, omba ruhusa ya kupanda juu ya paa.

Njia

Kwa kila kipande cha kichochoro andika upana wa mahali penye finyo zaidi. Wastani hauna maana hapa: kichochoro chenye mita 2 kwa urefu wake wote na sentimita 90 penye baraza ni kichochoro cha sentimita 90. Pima kutoka ukingo wa baraza, si ukutani. Andika pia ngazi, mitaro iliyo wazi, marundo ya mawe ya ujenzi, na mahali punda hufungwa usiku. Nenda mara mbili, asubuhi na baada ya Isha. Pikipiki zilizoegeshwa usiku hazimo kwenye vipimo vya mchana.

Kona ndizo huwakamata watu. Kichochoro cha upana wa mita 1 kinachokutana na kingine cha mita 1 kwa pembe mraba hakiwezi kupitisha machela ya urefu wa mita 2.2 na upana wa sentimita 60, hata ukiizungusha vipi. Kila upande ukiwa mita 1.21 itapita kwa kukwaruza ukuta. Ukifika mita 1.3 itapita vizuri. Badala ya kupiga hesabu kwa kila kona, funga fremu ya miti yenye vipimo hivyo, watu wawili waibebe kiunoni, wazunguke mji nayo. Ikikwama, weka alama nyekundu. Fremu hiyo hiyo hukuambia kama pampu itapita.

Halafu kuna wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Kwenye picha ya satelaiti wikio huonekana kama paa tu, na programu huweza kuiziba njia kabisa. Ukiwa chini wapita bila shida. Basi mambo mawili yaandikwe. La kwanza ni kimo chake kutoka chini. La pili husahauliwa mara nyingi: kichochoro kinachodhaniwa kuutenga moto, kikiwa na wikio juu yake, hakiutengi. Boriti zake zimeingia kuta za pande zote mbili na moto huvuka kwa miguu yake.

Nyumba ya mawe nayo isikudanganye. Kuta za matumbawe na chokaa hustahimili, lakini dari imekaa juu ya boriti za mikoko, na boriti huweza kuungua ndani ya ukuta polepole, saa nyingi baada ya ndimi za moto kuonekana zimezimwa. Juu yake kuna dari nzito ya mawe na chokaa. Inapoanguka husukuma ukuta nje, na njia huzibika. Kwa kila gofu na kila ukuta uliosimama peke yake, chora eneo la kuepukwa lenye upana wa mara moja na nusu ya kimo cha ukuta. Ukuta wa mita 6 wataka mita 9. Ukilichora eneo hilo utaona kwamba viwanja kadhaa ambavyo watu wangevikimbilia havifai.

Mapaa

Hapa picha ya satelaiti yasaidia kweli, kwa sababu makuti mengi yako juu ya nyumba za mawe, kwenye vibanda vya kupungia upepo, na ukiwa njiani huyaoni. Makuti mapya ni ya rangi ya kahawia, ya zamani ni kijivu, mabati mapya hung'aa. Tatizo ni mabati yenye kutu: kwa juu yafanana na makuti. Hakikisha kutoka paa moja refu kwa kila miraba michache. Mimi huchora duara la mita 10 kuzunguka kila paa la makuti, kisha nalirefusha hadi mita 30 kwa upande upepo unakoelekea, ramani moja ya kusi na nyingine ya kaskazi. Mita hizo ni makadirio ya kazi, zisisomwe kama sheria. Faida yake ni kuonyesha mnyororo: paa la nane limeunganikaje na la kwanza.

Maji

Mji uko ukingoni mwa bahari, kwa hiyo mipango mingi huandika "maji: bahari" na kufunga faili. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa hufikia takriban mita 3 wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Na katika pwani yetu, siku za bamvua, maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5, asubuhi na usiku. Yaani usiku wa mbalamwezi kuu, saa ambayo watu bado wanapika na kuchaji simu, bahari imeondoka ukutani na mbele ya mji pana tope. Wavuvi hawahitaji kuambiwa haya. Wahitaji kuambiwa ni waliochora alama ya buluu kwenye gati.

Kwa hiyo kila kituo cha kunyonya maji ya bahari kiwe na umbali wa aina mbili: maji yakijaa, na maji yakipwa siku za bamvua. Pima wa pili kwa miguu, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Pampu, hata iwe mpya, hainyonyi vizuri ikiwa juu ya maji zaidi ya mita 7 hivi, na kichwa cha mpira wa kunyonya chataka angalau sentimita 50 za maji juu yake. Pungufu ya hapo huvuta hewa. Kitie ndani ya tenga kisizibwe na tope. Pale ambapo maji hukimbia mbali, njia bora ni pampu kukaa ndani ya mashua na mpira kuvutwa juu ya tope, basi ramani ionyeshe mashua zenye nafasi hufungwa wapi usiku. Baada ya kazi, pampu isafishwe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, siku hiyo hiyo, la sivyo chumvi huila.

Urefu wa mpira upimwe kwa kufuata vichochoro. Mita 80 kwa mstari ulionyooka huweza kuwa mita 140 kwa njia, yaani vipande 7 vya mita 20, na kimoja cha akiba ndicho cha nane. Mji unapanda kuelekea magharibi, na kila mita 10 za kupanda hula shinikizo la karibu baa 1. Vituo vya baharini havitoshi kwa nyumba za juu.

Huko juu hazina ni birika (hodhi za kutawadhia) na visima vya misikiti. Pima kila birika: urefu, upana, kina cha maji kwa kawaida. Birika la mita 3 kwa 1.5 lenye kina cha sentimita 80 lina lita 3,600. Ni nyingi machoni, lakini pampu inayotoa lita 400 kwa dakika hulimaliza kwa dakika 9. Andika dakika kwenye ramani, usiandike lita. Dakika huelewa kila mtu. Kwa kisima andika kina hadi maji na kina cha maji yenyewe, mwishoni mwa kaskazi yanapokuwa machache. Andika pia nani ana ufunguo, na wa pili ni nani. Maji ya bomba, ambayo hutoka visima vya Shela, usiyahesabu: bomba la nusu inchi hutoa lita 15 hadi 20 kwa dakika, na hiyo ni siku yakiwepo.

Ndoo hazijapitwa na wakati. Msururu unaopitisha ndoo moja kila sekunde 5, zenye lita 15 baada ya kumwagika njiani, hutoa lita 180 kwa dakika. Kwa mita 60 wahitaji watu 40 hivi, mmoja kila mita 1.5, na msururu wa pili wa kurudisha ndoo tupu. Kichochoro chembamba hakina nafasi ya misururu miwili, kwa hiyo ndoo tupu zipewe njia nyingine, nayo ichorwe. Kabla ya tone la kwanza la maji ya chumvi, umeme uwe umekatwa: transfoma na nyaya zinazovuka njia ziwe na tabaka lake kwenye ramani.

Mitungi ya gesi inayouzwa, wazee wasioweza kutembea na wagonjwa vitandani ni taarifa za lazima, lakini si za kubandika ukutani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yakubana, na desturi ya sitara ilikuwapo kabla yake. Tabaka hilo likae na watu wawili au watatu wa mtaa. Na ndani ya nyumba wapime wanawake. Mwanamume mgeni ataishia tekani, ukumbi wa kuingilia, na atakachoandika kitakuwa cha kukisia.

Maulidi yataka ramani yake. Vibanda na wageni kuzunguka msikiti wa Riyadha huigeuza njia ya mita 2 kuwa ya nusu mita kwa siku kadhaa, na vingi hupika kwa moto wa wazi. Pitisha fremu siku moja kabla, jioni, vibanda vikiwa vimesimama, uende na mtu wa kamati mwenye uwezo wa kusema "sogezeni" papo hapo.

Chapa nakala tatu kwa kila mtaa, ukizipiga plastiki: msikitini, dukani panapofunguliwa usiku, na kwa mwenye pampu. Kwenye kona ya chini andika tarehe ya kupima na, kwa herufi kubwa, KUSI au KASKAZI. Iliyopita msimu itolewe ukutani.