Chai ya majani ya vinka si vinkristini

Dhana hii haiishi: vinkristini, dawa ya saratani, inatokana na vinka, yale maua ya pinki au meupe yanayopandwa uani, kwa hiyo kuchemsha majani yake ni sawa na kutundikiwa dripu.

Si sawa hata kidogo. Gramu 1 ya vinkristini huhitaji mamia ya kilo za majani makavu. Kikombe chako kina chembe tu, pamoja na alkaloidi (kemikali kali za mimea) nyingine zaidi ya 100 ambazo hukuziomba. Tena njia ya mdomo haiaminiki. Katika miaka ya 1950 huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer waliwapa panya dondoo la majani haya wakitafuta dawa ya kisukari. Kwa mdomo halikufanya la maana. Lilipodungwa kwenye mshipa, chembe nyeupe za damu zilishuka na panya wakafa kwa maambukizi. Leo vinkristini hupewa kwenye mshipa wa damu tu, kwa kawaida miligramu 1.4 kwa kila mita ya mraba ya eneo la uso wa mwili, na mara nyingi haivuki miligramu 2 kwa dozi.

Kipimo kinabanwa hivyo kwa sababu ya kazi yake ndani ya seli. Seli ikitaka kugawanyika hujenga mikrotubuli, nyuzi za protini ya tubulini zinazovuta kromosomu (vibeba vinasaba) kwenda pande mbili. Vinkristini hunata kwenye tubulini, nyuzi hazijengeki, seli inakwama katikati ya mgawanyiko na kufa. Ila tubulini haipo kwenye saratani peke yake. Neva hazigawanyiki, lakini husafirisha mahitaji yao kwa mikrotubuli hizohizo hadi ncha za vidole. Usafiri ukivurugika, ganzi inaanza.

Na hapo huja dhana nyingine, kwamba ganzi ni dawa "imekamata". Ni neva zinaumia. Ukishindwa kufunga vifungo vya shati au ukiburuza mguu, sema kabla ya dozi inayofuata.

Choo kikifunga je, usubiri? Hapana, neva za utumbo nazo zimeguswa. Dawa ya kulainisha choo ianze siku ya dozi.

Dawa ya fangasi "haina neno"? Itrakonazoli, mojawapo ya dawa hizo, huzuia ini kuvunja vinkristini, na vinkristini inarundikana mwilini.

La mwisho ni la wahudumu, wanaodhani bomba la sindano linatosha mradi lina lebo. Vinkristini ikidungwa kwenye uti wa mgongo kwa makosa huua karibu kila mara. Tangu 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri ichanganywe kwenye mfuko mdogo wa dripu, ambao hakuna atakayeuunganisha na sindano ya mgongoni.