Je, wajua? Kwa nini nyusi za tatoo hugeuka nyeusi zikipigwa leza

Mtu kachorwa nyusi za kudumu saluni, kahawia iliyotulia. Miaka miwili baadaye rangi imeanza kuwa nyekundunyekundu, au kazichoka tu, na anaenda kuzifuta kwa leza. Mashine inalia, ta, ta, ta, na ngozi inapauka kama imepakwa chaki. Weupe huo ni mapovu madogo ya gesi ndani ya ngozi, na huondoka baada ya dakika kama 20. Ukishaondoka, anajitazama kwenye kioo na kukuta nyusi nyeusi ti, kuliko hata siku ile alipochorwa.

Mashine ni nzima, na huenda hata fundi hajakosea vipimo. Shida iko kwenye rangi yenyewe.

Wino mweusi wa tatoo za kawaida, zile za mkononi au mgongoni, kwa kawaida ni kaboni, jamaa wa masizi. Rangi za urembo wa kudumu ni kitu kingine. Ili kupata kahawia, waridi au rangi ya ngozi, watengenezaji hutumia sana madini mawili. La kwanza ni oksaidi ya chuma, ndugu wa kutu ya bati na wa ngeu ya seremala. La pili ni dioksaidi ya titani, unga mweupe sana uliomo pia kwenye rangi za ukuta na krimu za kukinga jua. Huo huchanganywa ili kufifisha rangi kali.

Leza ya kufutia tatoo hupiga mwanga kwa muda mfupi ajabu, yaani gawanya sekunde moja mara bilioni, kisha uchukue vipande vichache tu. Chembe ya rangi hupata joto kali ghafla na kupasuka vipandevipande, kisha seli za mwili huvizoa taratibu kwa wiki kadhaa. Lakini joto hilo hilo huipokonya kutu sehemu ya oksijeni yake, na chuma kilichopungukiwa oksijeni huwa cheusi. Titani nayo hutoka kwenye weupe ikawa kijivu au bluu. Daktari R. Rox Anderson wa Boston na wenzake walieleza jambo hili katika jarida la magonjwa ya ngozi mwaka 1993, kwa hiyo si habari mpya. Ajabu ni kwamba wateja wengi bado hawaambiwi.

Kwa maoni yangu, anayepaswa kuogopa zaidi ni yule aliyejaribu kuficha kosa. Nyusi zimekwenda upande, fundi anasema, "Usijali dada, nitapitisha rangi ya ngozi juu yake." Rangi hiyo ya ngozi imejaa titani. Siku ikipigwa leza, kosa lililokuwa limejificha linatokeza likiwa na kivuli cha kijivu pembeni. Midomo iliyochorwa waridi iko kwenye hatari hiyo hiyo. Weusi wa chuma mara nyingi hufifia kwa awamu nyingine za leza, ila kijivu cha titani ni kibishi. Wakati mwingine daktari hulazimika kutumia leza ya kuchuna ngozi tabaka kwa tabaka, nayo inaweza kuacha kovu.

Kwa ngozi nyeusi kuna la ziada. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, nayo hunywa mwanga wa leza, hivyo ngozi inaweza kuungua, kubaki na mabaka meusi au kupoteza rangi kabisa. Ndiyo maana kwa ngozi zetu hupendekezwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, ambao melanini huunywa kidogo. Mwenye historia ya makovu yanayovimba na kukua aseme mapema. Aseme pia aliyewahi kuwashwa au kuvimba pale alipochorwa, maana rangi ikipasuka mzio unaweza kuamka upya. Na vinyweleo vya nyusi? Huweza kuungua au kuwa vyeupe kwa muda.

Wanja wa kudumu nao ni wa kuogopwa sana. Kwenye kope, miwani ya kawaida ya kinga haitoshi. Jicho hutiwa matone ya ganzi, kisha ngao ya chuma huingizwa chini ya kope, juu kabisa ya jicho lenyewe. Mahali ambapo ngao hizo hazipo, ondoka.

Kabla ya nyusi nzima kupigwa, omba jaribio: doa dogo kama punje ya dengu, kwenye ncha ya nje ambapo nywele zinaweza kulifunika. Rangi ikiamua kugeuka nyeusi, mara nyingi utaiona kabla hujatoka chumbani. Ngozi ndiyo huchelewa kusema, mabaka yake huweza kuja wiki kadhaa baadaye, hivyo fundi anayetaka kumaliza yote siku hiyo hiyo amekuwa na haraka mno.