Mshahara wa mtaalamu wa udongo na mimea: kwa nini shahada moja hailipi sawa kila mahali

Kila linapotoka tangazo la ajira za kada za kilimo, ofisi za utumishi katika taasisi za utafiti hupokea swali lilelile kuhusu TGS, yaani ngazi za mishahara ya Serikali: "TGS D ni shilingi ngapi?" Tangu kima cha chini cha mshahara serikalini Tanzania kilipopanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, swali hilo linakuja na lalamiko: mbona asilimia 35.1 siioni kwenye mshahara wangu? Makala hii inawalenga wahitimu wa sayansi ya udongo, uzalishaji wa mbegu, afya ya mimea na agronomia, pamoja na wazazi wao, ambao mara nyingi ndio wanaopiga simu.

Asilimia 35.1 ni ongezeko la kima cha chini. Ni tofauti kati ya 370,000 na 500,000, basi. Ngazi za juu zina viwango vyake vya ongezeko. Mwaka 2022 ilitangazwa asilimia 23.3, nayo ya kima cha chini, watu wakashika vikokotoo wakazidisha mishahara yao, kisha wakadai wameibiwa. Ufafanuzi ulitolewa wakati ule na umetolewa tena safari hii. Inachosha kidogo kuurudia, lakini tunaurudia.

Kuhusu TGS D: hicho si kiasi, ni ngazi. Ndani ya ngazi kuna hatua, na mwajiriwa mpya huanzia hatua ya kwanza. Nyongeza ya mwaka, iliyorejeshwa mwaka 2023, humsogeza hatua moja, na kupandishwa daraja humtoa kwenye ngazi moja kumpeleka nyingine. Kiasi cha shilingi kwa kila hatua kimo kwenye waraka wa mishahara, na waraka hubadilika. Jedwali linalozunguka WhatsApp aghalabu ni la waraka uliokwisha pitwa na wakati, na anayepanga bajeti ya maisha kwa jedwali hilo asije akamlaumu mwajiri.

Tofauti kubwa ya kwanza hutokana na aina ya mwajiri. Chukua wahitimu wawili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, darasa moja, ufaulu uleule. Mmoja anaajiriwa na halmashauri kuwa Afisa Kilimo Daraja la II, na analipwa kwa ngazi za TGS. Huko mwenye astashahada huingilia TGS B, mwenye stashahada TGS C, mwenye shahada TGS D. Wa pili anaajiriwa na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Akiwa kada ya utafiti, mshahara wake unasoma ngazi za PRSS, ambazo ni za watafiti wa umma. Wenzake wa uhasibu na utumishi katika taasisi hiyohiyo wako kwenye ngazi nyingine. Kwa hiyo kusema "TARI wanalipa hivi" hakuna maana mpaka useme kada gani.

Kada ndiyo inayoamua pia kama shahada ya uzamili itakuongezea mshahara. Wengi hudhani ukirudi na cheti kipya, mshahara unapanda wenyewe. Kwa afisa kilimo wa halmashauri haupandi. Muundo wake wa utumishi unatazama muda kwenye daraja, utendaji uliojazwa kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, na nafasi iliyotengewa bajeti. Kwa mtafiti, elimu ya juu imo ndani ya muundo wenyewe: hupiti madaraja ya utafiti bila uzamili, baadaye uzamivu, pamoja na machapisho yanayokubalika. Mtafiti anayekaa kituo cha TARI cha Mlingano mkoani Tanga miaka mingi akipima sampuli bila kuchapisha hubaki palepale, hata kama kazi yake ya maabara ni safi. Huo ndio muundo, na haumwonei mtu.

Mtafiti anayezalisha aina mpya za mbegu naye huulizwa na ndugu zake kama analipwa kwa kila mkulima anayepanda aina aliyoitoa. Tanzania ina Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu za Mimea ya mwaka 2012 na iliingia UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mwaka 2015, lakini aina iliyozalishwa na mtumishi kazini kwa kawaida husajiliwa kwa jina la taasisi. Mshahara wake ni uleule wa ngazi yake.

Sekta binafsi hakuna ngazi, kuna makubaliano. Mashamba makubwa ya miwa Kilombero, Moshi na Kagera, mashamba ya maua na mbogamboga Arusha, kampuni za mbegu na za mbolea, kila mmoja ana bei yake. Mtaalamu wa agronomia wa shamba la miwa anaweza kupewa nyumba, usafiri na bonasi ya msimu juu ya mshahara. Afisa wa mauzo wa kampuni ya pembejeo mara nyingi ana mshahara wa msingi mdogo na kamisheni inayotegemea mvua. Mvua ikichelewa, mbolea haitoki dukani na kamisheni haipo. Kabla ya kusaini, uliza mshahara wa msingi ni kiasi gani, maana baadhi ya waajiri huupunguza na kuzijaza posho. Mfukoni utaona sawa, lakini michango ya uzeeni na kiinua mgongo vinapohesabiwa kwa msingi huo mdogo, unapungukiwa.

Huko huko ujuzi wa mikono ndio unaopandisha dau. Mwombaji anayeeleza kwa nini fosforasi kwenye udongo wenye tindikali hupimwa kwa njia ya maabara iitwayo Bray 1, na kwa nini njia hiyo ikitumika kwenye udongo wenye chokaa nyingi majibu hupotoka na inabidi kutumia njia nyingine, Olsen, ana nguvu ya kujadili mshahara. Anayejua kutafsiri jibu hilo kuwa kilo za mbolea kwa ekari ana nguvu zaidi. Cheti peke yake kiko kwa wote.

Mashirika ya kimataifa, mfano IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, au tawi la Kituo cha Mboga Duniani lililoko Arusha, huajiri kwa makundi mawili: wanaoajiriwa kimataifa na wanaoajiriwa nchini. Malipo ya makundi haya hayakaribiani, hata ofisi zikiwa mlango kwa mlango. Kundi la pili bado hulipwa vizuri, ila mkataba unafuata mradi. Mapema 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya USAID, miradi mingi ya kilimo ilikatika katikati ya msimu na mikataba ikaenda nayo.

Sasa makato, ambako ndiko malalamiko mengi yanakotoka. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 1,000,000 katika utumishi wa umma. Mchango wa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, ni asilimia 5, yaani 50,000, na mwajiri anachangia asilimia 15 juu yake. Kodi haikokotolewi kwenye milioni, inakokotolewa kwenye 950,000 iliyobaki. Kwa viwango vya tangu Julai 2021, 270,000 ya kwanza haina kodi, mpaka 520,000 ni asilimia 8, mpaka 760,000 ni asilimia 20, mpaka milioni moja ni asilimia 25, na zaidi ya hapo asilimia 30. Inakuja 115,500. Bima ya afya asilimia 3 ni 30,000. Mkopo wa elimu ya juu asilimia 15 ni 150,000. Ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi kinachotoza asilimia 2, ongeza 20,000. Unabaki na 634,500. Mwenzako asiye na mkopo anabaki na 784,500 kwa ngazi ileile, na hapo ndipo mtu huja ofisini kuuliza kwa nini amebaguliwa. Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Asilimia 15 haikufutwa.

Posho ya kujikimu safarini si mshahara. Kwa safari za ndani ni kati ya shilingi 100,000 na 250,000 kwa siku kulingana na cheo tangu Julai 2022, na ni ya kulala na kula. Mtaalamu aliyechukua masurufu, yaani fedha za kazi anazopewa kabla ya safari, kwenda kuchimba mashimo ya uchunguzi wa udongo lazima ayarejeshe kwa hati ndani ya muda. Asiporejesha, hukatwa kwenye mshahara, na akirudia ni shauri la nidhamu. Vilevile, ada ya kupimiwa udongo hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali. Mkulima asimpe mtaalamu fedha mkononi, na mtaalamu asipokee: kwake hiyo ni rushwa, hata ikiitwa nauli.

Kwa wanaoomba sasa: maombi hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira na hayalipiwi. Anayekuomba "hela ya kufuatilia" ni tapeli. Hati ya matokeo haikubaliwi badala ya cheti. Aliyesoma nje ya nchi ahakikiwe cheti na mamlaka ya elimu inayohusika (TCU, NECTA au NACTVET) kabla ya kuomba, si baada ya kuitwa. Umri usizidi miaka 45. Kughushi hati, kwa Kanuni ya Adhabu, kifungo chake hufika miaka 7, na uhakiki wa mwaka 2017 uliondoa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi.

Aliyeko kazini akapata mradi unaolipa zaidi aombe kibali cha kuazimwa au likizo bila malipo, asubiri barua, ndipo aondoke. Kukaa nje ya kituo zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa la kufukuzwa kazi, na mshahara ulioingia wakati haupo utaurudisha. Kama unaacha kabisa, notisi ya saa 24 huambatana na kulipa mshahara wa mwezi mmoja.

Ukiona salari slipu ina ngazi isiyo yako, andika kwa mwajiri kupitia mkuu wako wa idara, ambatisha barua ya ajira au ya kupandishwa daraja na slipu ya kabla na ya baada. Barua zinazopelekwa moja kwa moja wizarani hurudishwa kwa mwajiri huyohuyo, na muda umeshapotea. Ukilipwa zaidi, toa taarifa vilevile, kwa kuwa ziada hiyo hukatwa ikigundulika, na kukaa kimya huhesabiwa dhidi yako.