Mashine haiachi pengo: akili mnemba katika tiba ya kisaikolojia

Katika kazi zote ambazo akili mnemba imeingizwa kwenye tiba ya kisaikolojia, inayonitia hofu zaidi ni ile inayoonekana ndogo: kuandika kumbukumbu za kikao. Programu inasikiliza, inanakili mazungumzo, kisha inatoa muhtasari uliopangwa vizuri wenye hali ya mteja, yaliyojadiliwa, hatari na mpango. Mtaalamu aliyeona wateja sita siku hiyo anapitisha macho na kusaini. Akishasaini, maneno yale ni yake. Daktari atakayempokea mteja kesho atayaamini hivyo hivyo.

Tuangalie ukimya. Mteja anaweza kunyamaza sekunde arobaini kabla ya kutamka jambo alilolibeba miaka mingi, na kwetu ukimya huo unasema mengi. Kwa programu, hapo hakuna kitu, nayo imefunzwa kukisia neno linalofuata, kwa hiyo huweza kulijaza pengo kwa maneno ya kubuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kuhusu Whisper, programu ya OpenAI ya kunakili sauti, ulikuta kwamba takriban asilimia 1 ya vipande vilivyonakiliwa vilikuwa na maneno au sentensi nzima ambazo hakuna aliyezitamka. Zaidi ya theluthi ya nyongeza hizo zilikuwa na madhara ya wazi, zikiwemo zilizobuni matendo ya ukatili. Waliokosewa zaidi ni watu wenye afasia (tatizo la kuzungumza linalotokana na madhara kwenye ubongo), ambao husita na kunyamaza kwa muda mrefu wanapozungumza. Wateja wetu wenye huzuni nzito nao husita na kunyamaza.

Kiswahili kina mitego yake. "Nina mpango" na "sina mpango" zinatofautiana kwa sauti moja tu, na mteja mara nyingi husema hayo ameinamisha kichwa, sauti iko chini. Kwenye muhtasari tofauti inakuwa "ana" na "hana" mawazo ya kujiua. Herufi moja, na tathmini nzima ya hatari imepinduka. Halafu kuna "alinipiga". Kiswahili hakisemi kama aliyepiga ni mwanamume au mwanamke. Programu inayopitisha maneno kwenye Kiingereza kabla ya kuyarudisha hulazimika kuchagua, na huchagua kwa mazoea: mama aliyempiga mtoto anarudi kwenye rasimu akiwa baba. Na mtu akisema "nimechoka, nataka kupumzika", hakuna mashine ya kumwachia kazi ya kuamua kama ni usingizi anaoutaka au kifo. Hapo unauliza wewe, papo hapo, kwa maneno ya wazi.

Kwa hiyo utaratibu ninaousimamia ni huu. Kabla ya kufungua rasimu, andika mistari mitano kwa kumbukumbu yako mwenyewe. Ukisoma rasimu kwanza, inakupa kumbukumbu ambazo si zako, na huwezi tena kuzitenganisha. Kisha linganisha, siku hiyo hiyo, ukianza na maneno yote ya kukanusha. Halafu nani alisema nini (katika kikao cha wanandoa programu hubadilisha wasemaji kirahisi mno), dawa na vipimo vyake, na tarehe. Sehemu ya hatari ya kujiua au kudhuru wengine iandike wewe tangu mwanzo, usiihariri ya mashine. Ukishasaini, sauti ifutwe, hata kwenye nakala za akiba.

Ridhaa ya kurekodi isifichwe ndani ya fomu ya kuanza tiba. Iwe karatasi yake, na uieleze kwa mdomo: nini kinarekodiwa, kinahifadhiwa wapi na kwa muda gani, nani anaweza kukisoma, kama kampuni inakitumia kufunza programu zake. Mteja aambiwe kwamba akikataa tiba inaendelea vilevile, na kwamba anaweza kusema "zima" katikati ya kikao. Aliyekuja akilia usimpe kalamu. Mtu katika hali hiyo husaini chochote. Jimbo la Illinois, Marekani, limekwisha kuliweka hili kisheria tangu Agosti 2025: akili mnemba hairuhusiwi kutoa tiba wala kuamua tiba, na kikao kikirekodiwa ili isaidie kazi, ridhaa ya maandishi ni lazima.

Ukiuliza programu ya mazungumzo ya akili mnemba kuhusu mteja, usidanganyike kwamba kufuta jina kunatosha. Kazi ya mteja, idadi ya watoto na mwaka wa ajali vikiwekwa pamoja, dada yake atamtambua. Ukitaka maoni ya programu, uliza swali la jumla kuhusu tatizo, usibandike kisa. Nchini Finland, kumbukumbu za kituo cha tiba cha Vastaamo ziliangukia mikononi mwa wahalifu, na mwaka 2020 wateja wakatumiwa vitisho mmoja mmoja: lipa, au siri zako zitoke. Akili mnemba haikuhusika kabisa. Lakini kila seva unayoiongeza ni mlango mwingine wa aina ile.

Upande wa pili ni mteja mwenyewe. Wengi huzungumza na programu hizi za mazungumzo usiku, na hawasemi mpaka waulizwe. Kwa mwenye mawazo na matendo ya kujirudiarudia asiyoweza kuyazuia (OCD), athari ni ya moja kwa moja: tiba inamzoesha kukaa na shaka bila kutafuta hakikisho, huku programu inampa hakikisho kila anapouliza, haichoki, haigundui kwamba swali ni lile lile la jana. Uliza kikao cha kwanza, bila kukaripia: "Kuna programu unayoongea nayo kuhusu haya?" Akikubali, fungueni mazungumzo hayo pamoja mhesabu ameuliza swali lile mara ngapi kwa siku. Idadi hiyo iandikeni kama kipimo cha kuanzia, na wiki ifuatayo mhesabu tena.