Timbo Lililojaa Maji Bado Lina Mwenyewe

Masika yakianza, matimbo ya mawe ya ujenzi kama yale ya Juja na Ndarugo, Kenya, hujaa maji, na watu huyaita maziwa. Ziwa lina ufuo. Ukuta wa timbo umekatwa wima: hatua moja kutoka ukingoni, kina ni mita kadhaa, na jiwe lililokatwa kwa mashine halina pa kushika. Juu maji ni vuguvugu, chini ni baridi ya kukaza misuli. Sakafuni kuna tope la unga wa mawe linalonasa miguu. Hayo ndiyo yanayozamisha hata waogeleaji hodari. Si mapepo, jamani.

Mtu akizama, usimfuate. Lala kifudifudi mbali na udongo uliolegea, umrushie mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko na kamba. Akitolewa bila kupumua, mpe pumzi tano kwanza, kisha mbonyeze kifua mara 30 kwa kila pumzi mbili.

Sasa sheria. Chini ya Sheria ya Mazingira ya Kenya ya 1999 (EMCA), kifungu cha 58, timbo huhitaji leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuchimba jiwe la kwanza. Kifungu cha 108 kinairuhusu NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kutoa amri ya kurejesha mazingira. Aliyepewa amri ana siku 21 kuomba, kwa maandishi na kwa sababu, iangaliwe upya. Akikaidi, kazi yaweza kufanywa na NEMA naye akadaiwa gharama. Kosa lisilotajiwa adhabu yake mahususi huangukia kifungu cha 144: kifungo cha mwaka 1 hadi 4, faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au vyote viwili. "Nilishauza mawe nikaondoka" si utetezi.

Seng'enge pekee haitoshi; huibwa. Kingo zilazwe, mita tatu za mlalo kwa kila mita moja ya kina, ndipo ipandwe miti. Timbo la kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, lilianza na mivinje mwaka 1971. Majani yake hayakuoza upesi mpaka majongoo walipoletwa kuyasaga kuwa udongo. Leo hapo ni bustani ya Haller Park, na mabwawa yake yana samaki.

Kufuga samaki kwenye timbo lako kunawezekana, lakini ulizia kwanza kibali cha maji kwa WRA, mamlaka ya rasilimali za maji. Kunywa, hapana: kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi dizeli ya mashine. Penye magugu na konokono, kichocho hakiko mbali.

Unaporipoti timbo la hatari kwa NEMA, taja kata ndogo, nambari ya shamba ukiijua, na kama kuna njia ya watoto wa shule karibu.